Anayechanganya Vipuri Anadaiwa Mchoro

Hotuba kwa vijana wa ufundi magari na wazazi wao, Nyakato, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wa karakana, wazazi mlioacha biashara zenu asubuhi hii, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi magari, mwangaluka!

Nimeletwa hapa na kitu hiki kilichoko mezani. Walioko nyuma hawakioni vizuri, kwa hiyo nitakieleza. Ni gari la mfano la aina ya monsta traki, zile pikapu zilizoinuliwa juu ya matairi yenye kimo cha mtu mzima, ambazo huko Marekani huruka vilima vya udongo na kukanyaga magari mabovu uwanjani. Hili ni la plastiki, na urefu wake ni sentimita 20 na ushee. Bodi ni ya Hilux, imetoka kwenye seti ya Kijapani, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha gari la mfano. Matairi na ekseli vimetoka kwenye seti ya Kimarekani. Injini ni V8, yaani ya silinda nane, yenye supachaja ya kuisukumia hewa, na hiyo ilikuwa ya seti ya tatu kabisa, ya gari la mashindano. Chasisi, yaani fremu inayobeba gari, haikutoka kwenye boksi lolote. Nimeiunda mwenyewe kwa fito za plastiki na waya.

Nimekuja kusema jambo moja, na yote yatakayofuata yanalitumikia hilo. Mtu anayechanganya vipande vya maboksi tofauti anadaiwa mchoro. Anayejenga seti moja kama ilivyo amepewa mchoro na kiwanda, kazi yake ni kufuata namba. Ukishatoa kipande kwenye boksi hili na kukipeleka kwenye boksi lile, mchoro wa kiwanda umekwisha nguvu, na hakuna mwingine wa kuuandika upya isipokuwa wewe.

Mfano wa seti iliyofuata mchoro mmoja uko hapa hapa bandarini kwetu. Wengi wenu mmeiona MV Victoria, na baadhi yenu mmeipanda kwenda Bukoba. Meli ile iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande, vikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kisumu, vikaunganishwa upya ufukweni, na mwaka 1961 ikaanza kazi ziwani. Hapakuwa na njia nyingine, kwa sababu ziwa letu halina mlango wa kupitisha meli kubwa kutoka baharini. Fikirini kazi ile: maelfu ya vipande, na kila kimoja kinajua jirani yake, kwa sababu vyote vilitoka kwenye mchoro mmoja na vilikwisha kukaa pamoja mara ya kwanza. Vipande vyangu hivi havijawahi kuonana. Bodi ya Hilux haikuchorwa ikijua kwamba siku moja itabebwa na ekseli hizi.

Sasa wako watu wanaopenda modeli ambao huona kuchanganya kama dosari, kana kwamba modeli halali ni ile iliyotoka boksi moja. Kwa monsta traki nakataa, na ninakataa kwa sababu ya historia ya gari lenyewe.

Bob Chandler alikuwa na duka la vipuri na huduma za magari ya foo-wili, yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne, karibu na St. Louis, Missouri. Alikuwa na pikapu yake, Ford F-250 ya mwaka 1974, na aliiendesha bila huruma. Kilipovunjika kipuri aliweka kikubwa zaidi. Alipoweka matairi makubwa zaidi, ekseli zikalalamika, akaweka ekseli za magari ya kijeshi. Ekseli zile zilimpa pia uwezo wa kugeuza magurudumu ya nyuma kama ya mbele. Gari likaitwa Bigfoot, na mwaka 1981 alilipitisha juu ya magari mabovu shambani, jambo ambalo baadaye lilijaza viwanja. Matairi ya inchi 66 yaliyokuja kuwa alama ya magari haya yalitengenezwa kwanza kwa ajili ya mitambo ya kumwaga mbolea, ili isizame kwenye mashamba yenye tope.

Hesabuni wenyewe: pikapu ya kiwandani, ekseli za jeshi, matairi ya shamba. Monsta traki ya kwanza ilitoka maboksi matatu. Kwa hiyo kijana anayeunda modeli yake kwa vipande vya seti tatu yuko karibu zaidi na gari lenyewe kuliko anayefungua boksi moja na kulimaliza. Lakini asisahau upande wa pili wa habari hiyo. Kila badiliko lililofanyika kwenye pikapu ile lililazimisha badiliko jingine. Tairi kubwa lilidai ekseli kubwa, ekseli kubwa ilidai springi nyingine, gari lililopanda juu lilidai propela, zile shafti za kupeleka nguvu kwenye ekseli, zenye urefu na mwinamo mwingine. Mnyororo huo ndio nauita mchoro, hata kama fundi anaushika kichwani.

Kabla ya kukata chochote, amua gari lako ni la enzi ipi. Magari ya mwanzo yalikuwa na chasisi ya pikapu, springi za vyuma bapa vilivyopangana, shokapu nyingi zimesimama pande zote za gurudumu, na injini pale pale mbele chini ya boneti. Mwaka 1989 ilitoka Bigfoot ya nane, ikiwa na chasisi ya mabomba na shokapu za mwendo mrefu zenye gesi ya naitrojeni, na tangu hapo uwanja ukabadilika. Gari la siku hizi lina injini nyuma ya dereva, dereva ameketi katikati, na bodi ni gamba la faiba lililovishwa juu ya mabomba. Ukiweka injini nyuma ya dereva halafu ukaacha springi bapa za zamani, mtu anayejua magari ataona enzi mbili zinagombana. Changanya maboksi upendavyo, ila enzi iwe moja. Gari hili nimelifanya la mabomba.

Sasa tuingie kwenye namba, na hapa naomba mtoe kalamu.

Seti za magari za Kijapani kwa kawaida ni za skeli ya 1:24, yaani milimita moja ya modeli ni milimita 24 za gari halisi. Za Kimarekani nyingi ni 1:25, nyingine 1:24. Tofauti inaonekana ndogo, asilimia 4 tu, na watu huuliza kama ina maana yoyote. Jibu linategemea kipande. Tairi la inchi 66 lina kipenyo cha milimita 1,676. Kwa 1:24 linakuwa karibu milimita 70, kwa 1:25 linakuwa 67. Ukilivisha tairi la milimita 67 gari la 1:24, hakuna jicho litakalogundua, kwa sababu hakuna anayejua kwa macho tairi la monsta traki lilipaswa kuwa na ukubwa gani hasa. Ekseli vivyo hivyo. Injini vivyo hivyo, ilimradi iingie.

Lakini viko vitu ambavyo jicho halivisamehe: kiti, usukani, kishikio cha mlango, pedali, kioo cha pembeni. Hivi vyote vimepimwa kwa mwili wa mtu, na kila mmoja wetu anaujua mwili wa mtu bila kufundishwa. Ukiweka kiti cha skeli ya 1:20 ndani ya bodi ya 1:24, hata mtoto atahisi kuna kitu hakiko sawa, ingawa hatajua kusema ni nini. Basi hii ndiyo kanuni ninayoifuata: vyote vinavyoguswa na dereva vitoke skeli moja, na ikiwezekana boksi moja. Vinavyoguswa na udongo vinaweza kutofautiana kidogo.

Baada ya hapo, mchoro unaanzia kwenye tairi. Vijana wengi huanza na bodi kwa sababu ndiyo inayopendeza, wakaipaka rangi, wakaanza kutafuta namna ya kuikalisha juu ya magurudumu. Naomba mfanye kinyume. Bandika karatasi kwenye ubao bapa, panga matairi manne mahali yatakapokaa, kisha uliza nafasi iliyobaki ni kiasi gani.

Tufanye hesabu ya gari hili. Monsta traki ina upana wa kama futi 12 kutoka ukingo wa nje wa tairi hadi ukingo wa nje wa tairi la pili. Kwa 1:24 hiyo ni milimita 152. Tairi moja lina upana wa inchi 43, yaani milimita 45 na nusu. Mawili ni 91. Kati ya matairi inabaki milimita 61. Unadhani una 61 za kuweka chasisi? Huna, kwa sababu magurudumu yanageuka. Tairi la kipenyo cha milimita 70 ukiligeuza nyuzi 25, ukingo wake wa ndani unaingia karibu milimita 13 kuelekea katikati. Toa 13 kulia, toa 13 kushoto. Chasisi yako imebaki na milimita 35 tu. Na kwa kuwa magari haya yanageuza magurudumu ya nyuma pia, hesabu hiyo inatawala gari zima, mbele na nyuma.

Milimita 35 mara 24 ni sentimita 84. Chasisi za magari halisi ziko karibu na hapo. Nilipoona namba hiyo kwenye karatasi nilifurahi sana, na nataka mwelewe furaha yangu. Sikuinakili kutoka kwa mtu. Matairi yenyewe ndiyo yaliyosema chasisi iwe na upana gani, kama yalivyowaambia mafundi wa magari makubwa.

Sasa leta bodi. Hilux ya miaka ya 90 ina upana wa kama mita 1.7, na kwa 1:24 hiyo ni milimita 70 na kidogo. Kumbe kipenyo cha tairi kinakaribia kulingana na upana wa bodi nzima! Na nafasi kati ya matairi ni 61. Maana yake bodi imeyafunika matairi kwa zaidi ya milimita 4 kila upande. Gari likiwa limesimama, haidhuru. Likitua kutoka hewani, ekseli hupanda. Magari ya sasa yana mwendo wa shokapu wa sentimita 60 hivi, yaani milimita 25 kwenye modeli yetu. Tairi likipanda litakutana na madigadi. Una njia mbili: uinue bodi zaidi, gari lianze kuonekana kama limesimama juu ya ngazi, au ukate madigadi na kuyachonga upya. Mimi nimeyakata. Nimepunguza pia unene wa plastiki kwa ndani pembezoni mwa mkato, kwa sababu bodi ya seti ina unene wa zaidi ya milimita moja, na ukiuzidisha mara 24 unapata bati la zaidi ya sentimita mbili. Ukingo ukiwa mwembamba, jicho linaamini.

Kwa nini nisumbuke na mwendo wa shokapu kwenye modeli isiyotembea? Swali hili mwalimu wenu aliniuliza jana. Kwa sababu gari linaonekana kama linaweza kutembea, au halionekani hivyo. Angalieni propela hii inayotoka kwenye transifa, giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, pale katikati kwenda ekseli ya mbele. Inaanzia mahali halisi na kuishia mahali halisi. Nimeiinua ekseli kwa mkono kabla ya kugandisha, nikaishusha, nikageuza magurudumu hadi mwisho, kisha nikarudia upande wa nyuma. Shokapu zimeelekea pale ambapo uzito unakwenda. Fimbo za kushika ekseli ziko nne kwa kila ekseli, ya mbele na ya nyuma, na zinazofanya kazi pamoja zina urefu sawa. Mtazamaji hatazihesabu. Ataona tu gari zima limekubaliana.

Tuje kwenye vitu vya kutumia. Mji huu una mafundi waliogeuza makopo kuwa koroboi pale Makoroboi, kwa hiyo sitawafundisha kuokoteza. Nitawafundisha kuchagua.

Plastiki ya seti hizi inaitwa polistairini. Gundi yake ya kioevu inayeyusha nyuso mbili kidogo, zinaingiana, na ikishakauka unabaki na kipande kimoja. Ndiyo maana kiungo chake kina nguvu kuliko cha supagluu, ambayo hukaa katikati tu na hufaa zaidi pale unapounganisha plastiki na chuma. Sasa, ukitaka plastiki ya nyongeza, geuza chombo utafute alama ya pembetatu yenye namba ndani yake. Namba 6 ni polistairini, ndugu yake. Namba 2 na namba 5, ambazo mtazikuta kwenye madumu na vifuniko vingi, hazishikwi na gundi hii hata ukae nazo siku nzima. Makasha magumu ya CD ni polistairini, na sehemu yake angavu inatoa vioo vizuri vya madirisha. Bomba angavu la kalamu ya Bic pia ni polistairini, linafaa kwa nyumba ya ekseli. Fito za fremu zinazobaki baada ya kutoa vipande vya seti msizitupe. Ukiipasha fito juu ya mshumaa mpaka ilegee, ukaivuta taratibu, unapata uzi mwembamba wa kutengenezea mabomba ya breki. Mabomba ya chasisi yenyewe, kwa gari halisi, yana kipenyo cha kama inchi 2, kwa hiyo tafuta waya au fito ya milimita 2.

Onyo moja ambalo ni muhimu kwetu tunaoishi kwenye joto. Matairi ya seti nyingi ni ya vinaili laini, na ulaini wake unatokana na kemikali iliyochanganywa ndani. Kemikali hiyo hutoka polepole na kula polistairini. Baada ya muda unakuta tairi limeyeyusha rimu na kung'ang'ania. Paka rimu rangi pande zote, pamoja na mahali tairi linapokaa ambapo hapaonekani, au zungushia karatasi nyembamba ya aluminiamu kabla ya kuvisha.

Kuhusu rangi nitapita haraka, kwa kuwa mafundi rangi wa hapa wanajua kuliko mimi. Osha bodi kwa sabuni, pati kidogo, msasa laini, praima, kisha rangi nyembamba mara kadhaa. Msipulize vanishi siku ya unyevunyevu. Wakati wa masika hewa ya ziwa ina maji mengi, na vanishi hufanya ukungu mweupe usioondoka. Na jioni zile ambazo wadudu wa ziwani wanakuja kwa mawingu, fungeni rangi kabatini, maana watatua juu ya kila kitu kibichi. Tina na gundi mzitumie penye upepo, wadogo zenu wakiwa mbali.

Maandishi ya ubavuni nilimpa fundi anayeandika majina ya mitumbwi kule Mwaloni, Kirumba. Ningeweza kutumia stika zilizokuja na seti, zenye majina ya kampuni za mafuta za Marekani. Lakini herufi zile nene zenye kivuli, za mitumbwi na daladala zetu, ni ufundi wa Mwanza, na gari lililoundwa Mwanza linastahili kuzivaa. Aliandika kwa brashi ya nywele chache, akiwa amelishika gari kiganjani, na jina alilochagua ni Sangara.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni kama hizi si pesa za kuchezea tu. Mama yangu, nimelichukua swali lako kwa heshima na nalijibu mbele ya wote. Seti hizi kweli ni ghali, na zinaagizwa mbali. Ndiyo maana sishauri kijana anunue peke yake. Watatu wachange seti mbili, wabadilishane vipande, na masalia yabaki kwenye boksi la karakana kwa wanaofuata. Lakini mwanao akifungua gari la mteja na kugundua kwamba propela aliyonunua haifiki, mteja ndiye anayelipa. Akigundua hilo kwenye kitu cha sentimita 20, amepoteza kipande cha fito. Watoto wetu tayari wanaunda magari ya waya yenye magurudumu ya ndala kuukuu, na wengi wanaweka usukani unaogeuza kweli. Akili hiyo ipo. Ninachowaongezea ni rula na karatasi.

Kwa hiyo leo hatutakata kitu chochote. Kila meza ina matairi manne, bodi moja na ekseli mbili, na nimehakikisha kwamba hakuna meza ambayo vipande vyake vimetoka boksi moja. Meza ya dirishani mna bodi ya pikapu ya Kimarekani, ni pana kuliko Hilux kwa zaidi ya sentimita moja, kwa hiyo hesabu yenu ya madigadi itakuwa ngumu kuliko yangu. Pimeni kila kipande kwa milimita, mwandike, kisha mchore gari likionekana kutoka juu na kutoka mbele, magurudumu yakiwa yamegeuzwa hadi mwisho. Nitapita kuanzia saa sita, na swali langu kwa kila meza litakuwa hili: chasisi yenu ina upana gani, na nani amewaambia?